Swali Ambalo Hawakuliuliza

Sogeeni, nisikilizeni, na leo asicheke mtu! Zimwi lilimvizia Mwanasiti mfinyanzi njiani kutoka kisimani. Likambaka, likamwachia jeraha kifuani.

Jirani akauliza, "Ulikwenda peke yako kwa nini?" Jeraha likapanuka.

Shangazi yake akauliza, "Ulijifunga kanga gani?" Likapanuka.

Jumbe, mkuu wa mji, akauliza, "Mbona hukupiga kelele?" Likapanuka, damu ikachuruzika mbele yao, nao wanatazama tu. Ati watu wenye haya!

Ndipo Bi Mize mkunga akamkumbatia. "Pole, mwanangu. Zimwi lenyewe lilishika njia gani?"

Jeraha likaanza kufunga. Wanawake wakafuata nyayo mpaka uani kwa jumbe. Zimwi limekaa jamvini, linakula wali wa wageni.

Yangu yameisha. Nanyi, kwenu mnamlisha nani?