Madafu Kivulini

Mwanahija alikuwa muuza madafu mwenye maneno matamu na mkokoteni mmoja. Jua lilipomzidi, alimwomba Bwana Mbarouk ruhusa ya kuuzia kivulini, ndani ya jengo lake la maegesho. Tajiri akaangua kicheko.

"Langoni pana kamera inayosoma namba za magari. Ikikufungulia, bibie, uza humo mpaka uzeeke."

"Unasema hayo mbele ya mlinzi wako?"

"Nasema, na asikie!"

Kesho yake Mwanahija akausukuma mkokoteni hadi langoni, na chuma cha lango kikainuka kwa heshima zote. Baadaye Bwana Mbarouk akafika na gari lake jeusi. Chuma hakikutikisika. Akapiga honi, akashuka, akatukana.

"Mashine inasema gari lako limeshaingia, mzee," mlinzi akamwambia, akibana kicheko.

"Limeingiaje, nami nimetoka nalo nyumbani sasa hivi?"

Akachungulia ndani. Kwenye nafasi ya mwenye jengo ulikuwa umetulia mkokoteni, mbele yake umeangikwa kibao chenye namba ya gari lake, herufi kwa herufi.

"Vumilia kidogo, bosi," Mwanahija akamwita. "Madafu haya yakiisha nitatoka, nawe utaingia."