Kwa Nini Kinyonga Hunyoosha Mkono Kabla ya Kukanyaga

“Kauri ishirini, Mkawasi! Ishirini tulizopatana, na leo siondoki hapa bila hizo!”

“Ishirini za nini? Za maiti? Hebu njoo umtazame huyu uliyeniuzia! Hali, hanywi, hatikisiki. Ningetaka kijiti cha kuweka dirishani ningekata mwenyewe msituni, bure!”

Ndivyo ilivyoanza, mlangoni pa Mkawasi, asubuhi kweupe, watu wote wa kilima wakisikia. Nasema wote kwa sababu Mkawasi akipandisha sauti, hata mbuzi wa ng’ambo ya bonde waliacha kutafuna. Enzi hiyo kauri ndizo zilizokuwa fedha katika milima ya Taita, na wanyama walisema maneno kama sisi. Naye kinyonga wa enzi hiyo hakuwa huyu mnayemjua ninyi. Alikuwa wa rangi moja, rangi ya majivu, tangu kuanguliwa hadi kufa. Macho yake yote mawili yalitazama mbele, kama yangu na yako. Alikimbia kama mjusi. Tena alikuwa na adabu, adabu nyingi kuliko kiumbe mwingine yeyote, na adabu hiyo ndiyo iliyotaka kumuua.

Mkawasi alikuwa mpika pombe ya miwa. Hakufundishwa na mtu. Aliharibu vibuyu kumi na vinne, cha kumi na tano kikatoka kizuri, na tangu hapo hakuwa na mpinzani kilima kizima. Hasira zake zilikuwa karibu, hilo hakuna aliyebisha, lakini kipimo chake kilijaa, na bei yake ilikuwa moja kwa mwenye ng’ombe na kwa asiye na kuku. Alichukia kitu kimoja tu duniani: mtu wa kuzungukazunguka.

“Kwangu sema unachotaka,” aliwaambia wateja. “Nikiwa nacho nitakupa. Nisipokuwa nacho nitakwambia sina. Basi.”

Taabu yake ilikuwa nzi. Walipenda maji ya miwa kuliko wateja walivyoyapenda, na hawakulipa. Ndipo siku moja akapita Mwashighadi, muuza asali na ndege wa tunduni, akiwa na kinyonga mchanga ndani ya kikapu, urefu wake kama kidole.

“Huyu atakumalizia nzi wote,” akasema.

Bei ilikuwa kauri arobaini. Mkawasi alitoa ishirini palepale, na ishirini zilizobaki wakapatana zilipwe mwezi mwingine ukiandama, ikiwa kinyonga bado yu hai. Wakapeana mikono. Mwashighadi akaenda zake bila kusema neno moja kuhusu namna ya kumtunza yule mnyama. Mkawasi naye hakuuliza. Mtu aliyejifundisha kila kitu mwenyewe huona kuuliza ni kama kuvuliwa nguo sokoni.

Sasa, Mkawasi hakuwahi kufuga kitu zaidi ya kuku, na kuku hafugwi, kuku anakaa tu. Lakini huyu mdogo alimwingia moyoni siku ileile, kwa vile vidole vyake vilivyoshika kama koleo ndogo. Akaamua kumtunza kwa njia pekee aliyoijua, yaani kama mgeni wa heshima.

Desturi ya mgeni kilimani pale ilikuwa hivi. Mgeni huketishwa karibu na mafiga, ajisikie joto. Hupewa uji wa mtama, bakuli lijae hadi ukingoni. Maji huwekwa kwenye kata pembeni yake. Wala haachwi peke yake hata kidogo, asije akadhani hatakiwi. Naye mgeni ana desturi yake: haombi. Kuomba ni kumwambia mwenye nyumba kwamba amepungukiwa. Akiulizwa kama ameridhika, jibu ni moja.

“Umeshiba, mwanangu?”

“Nimeshiba, mama. Asante sana.”

Hakuwa ameshiba. Uji hakuugusa, kwa kuwa tumbo lake lilitaka kitu chenye miguu. Maji ya kwenye kata hakuyaona. Kwa kinyonga, maji ni lile tone linaloning’inia kwenye jani likimetameta, na yaliyotulia ndani ya chombo ni kama hayapo. Moshi wa mafiga ulimchoma macho. Nzi walikuwepo tele, lakini enzi hiyo ulimi wa kinyonga ulikuwa mfupi kama wa mbuzi, na nzi hamngojei mtu aliyepakatwa. Mkawasi alikuwa akimpakata mchana kutwa, mkono mmoja ukichuja pombe, mwingine ukimpapasa mgongo, na kila alipopapaswa moyo wake mdogo uligonga kama mchi, kwa sababu kwake yeye kinachokugusa kutoka juu ni mwewe.

Siku moja Mkawasi alimletea panzi. Kinyonga akafurahi, kisha akamwona vizuri. Panzi mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko kichwa chake.

“Kula, mwanangu, ukue.”

“Asante, mama. Nitamla baadaye.”

Panzi hakungoja hiyo baadaye. Alimpiga teke la kidevu, akaruka dirishani.

Hivyo siku zikaenda. Macho ya kinyonga yakadidimia, ngozi ikakunjamana, na nzi wakapata ujasiri wa kutua juu ya kichwa chake kupumzika. Mkawasi akaanza kuogopa. Ila yeye alipoogopa alikasirika; hakuwa na namna nyingine ya kuogopa. Ndiyo maana Mwashighadi alipofika kudai ishirini zake alipokewa vile.

“Kwani umempa nini?” Mwashighadi akauliza.

“Uji!”

Mwashighadi alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango asianguke. “Uji! Kinyonga! Na ukampoozea pia?”

“Nilimpoozea, ndiyo! Nimempa kila ninachompa mgeni wa maana, ambaye si wewe!”

“Sasa hukuuliza anakula nini.”

“Na wewe hukusema! Umeniuzia mnyama ukaondoka na maneno yake. Mimi nikikuuzia pombe, nakwambia hii imekomaa, hii ya juzi, hii itakuumiza kichwa. Hiyo ndiyo biashara. Wewe umeniuzia nusu ya mali, halafu unataka bei nzima!”

Waliokuwa uani wakaguna kwamba hapo amesema. Mwashighadi akafungua mdomo, lakini bibi Mghoi, jirani aliyekuwa amekuja na kibuyu chake kitupu na hakupenda kucheleweshwa, akamkata.

“Mnapiga kelele za nini, na mwenyewe yupo hapo? Ana mdomo. Mwulizeni.”

Wakamweka kinyonga juu ya kigoda katikati yao. Mkawasi akasimama kulia, Mwashighadi kushoto.

“Sema, mtoto,” akasema Mwashighadi. “Nilikuuza ukiwa mgonjwa?”

“Sema,” akasema Mkawasi, na sauti yake ilipungua kwa mara ya kwanza asubuhi ile. “Nimekunyima nini?”

Kinyonga akatahayari. Akimtazama huyu, atamnyima yule uso, na hiyo si adabu. Basi akajitahidi kwa nguvu zote zilizombakia, jicho la kulia likageukia kwa Mkawasi na la kushoto likageukia kwa Mwashighadi, kila moja njia yake. Watu wakapiga yowe la mshangao. Hayakurudi pamoja tena.

“Mama amenitunza vizuri sana,” akasema kwa sauti nyembamba. “Naye mzee hakukosea. Mimi niko salama kabisa. Asanteni.”

Alipomaliza kusema salama, akaanguka ubavu.

Hapo Mkawasi alilipuka. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini ole wake ambaye angethubutu kuyataja.

“Salama! Umelala ubavu na unaniambia salama! Nisikilize, mtoto. Katika vibuyu vyangu sijamdanganya mtu hata tone moja. Na wewe umekaa nyumbani kwangu mwezi mzima unanidanganya, asubuhi asante, jioni asante, mpaka unanifia mikononi kwa hizo asante! Kama mdomo wako hauwezi kusema kweli, basi ngozi yako na iseme!”

Enzi hiyo neno la mtu asiyedanganya lilikuwa na uzito. Likitoka, kitu kilitii.

Ngozi ya kinyonga ikaanza kusema. Kwanza ikawa nyeusi tii kama tako la chungu, kuanzia mkia hadi pua. Kisha yakatokea madoa ya manjano, kisha mistari, mambo ya mwezi mzima yakitoka yote kwa mpigo. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma, wakakanyaga waliokuwa nyuma.

“Hiyo nyeusi ni nini?” Mkawasi akauliza.

Mwashighadi hakucheka tena. Rangi hizo hakuwahi kuziona, lakini alikuwa amewaona vinyonga wengi kuliko watu na shida zao alizijua, na sasa aliona haya. “Kiu,” akasema. “Na moshi. Na hasira. Ile manjano ni woga wa kushikwashikwa. Mtoe ndani, Mkawasi. Mpe mti mdogo wenye majani mengi, jua la asubuhi limfikie na kivuli kiwe karibu. Usimshike kutoka juu. Weka mkono chini yake, apande akitaka mwenyewe. Mdudu awe hai, na asizidi nafasi iliyo kati ya macho yake. Na maji usimwekee. Yanyunyize majanini.”

“Umeona?” akasema Mkawasi. “Kumbe unayo maneno.”

Lakini mikono yake ilikuwa tayari kazini. Aliutanguliza mkono chini, akamngoja. Akamngoja sana, yeye ambaye hakuwahi kungoja hata pombe ipoe. Kinyonga akapanda, kidole kwa kidole. Akambeba mpaka kwenye mti mchanga uliokuwa kando ya ua, akachovya kitita cha majani kwenye mtungi, akakung’uta. Matone yakatiririka, moja likaning’inia kwenye ncha ya jani, shubiri moja kutoka kwenye pua ya kinyonga, likimetameta.

Kinyonga akalitazama. Hakusema asante. Alinyoosha mkono. Aibu ya mgeni ikamshika, akaurudisha. Akaunyoosha tena, akaurudisha, mwili mzima ukiyumba mbele na nyuma kati ya adabu na kiu. Mara ya tatu hakuurudisha.

“Maji,” akasema.

Hilo ndilo neno la mwisho kusemwa na kinyonga hapa duniani. Akalamba tone lile, na lililofuata, na la nyuma yake, na rangi ya kijani ikaanza kupanda kutoka mkiani kama jani linalochipua. Kisha nzi mmoja, aliyezoea kutua kichwani pake, akaja kupumzika kwenye tawi la mbali. Maneno yote ambayo kinyonga alikuwa ameyameza mwezi mzima yalikuwa yamejikunja mdomoni mwake, na sasa yakatoka kwa pamoja, ulimi mrefu kuliko yeye mwenyewe. Pa! Nzi hayupo. Bibi Mghoi alicheka hadi kibuyu kikamponyoka.

Mkawasi akaingia ndani, akatoka na kauri ishirini, akazimimina kwenye kiganja cha Mwashighadi. “Hizi zako. Yu hai, na tulipatana.” Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe. “Sasa lete changu.”

“Kipi tena?”

“Maneno uliyobaki nayo. Utakuja hapa siku saba, jua likichomoza, unifundishe moja baada ya jingine. Leo hatuhesabu.”

Mwashighadi akaja siku zote saba. Ya saba akanywa kibuyu kizima, akalipa bei ileile wanayolipa wengine.

Na tangu siku hiyo kinyonga hasemi, ngozi yake ndiyo husema, na haijamdanganya mtu. Macho yake kila moja lina safari yake. Na mbio aliziacha, maana kabla ya kila hatua hunyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Wapita njia husema anasitasita, anaogopa ardhi. Hawajui wanachosema. Hasitisiti yule. Anadai. Ndiyo maana kilimani pale mtu akipata kinyonga mchanga kwa mara ya kwanza, kabla hajampa jina wala kumgusa, hulowesha majani kwanza. Ukichelewa utamkuta tawini, mweusi kama tako la chungu, jicho moja kwako na jingine kwenye mtungi, mkono umenyooka:

Lete maji yangu.