Kulungu Aliyebebwa Mzima

Wapendwa, acheni kwanza kutazama saa. Leo sina la kuwafurahisha.

Kulikuwa na mwindaji mmoja ambaye nyumbani kwake njaa ilikuwa imeweka kambi. Watoto watatu, na yule mdogo alishafika pale ambapo mtoto halii tena, anakutazama tu. Mwindaji akaingia porini na shemeji yake, kaka wa mkewe. Mara tatu alikuwa amerudi mikono mitupu, kijiji kikamcheka. Safari hii, mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani, akampiga kulungu dume. Mshale mmoja tu, chini!

Shemeji akachomoa kisu. "Tumpasue hapahapa, tutoe matumbo, tumtundike kivulini apoe. Jua hili halina mchezo."

"Thubutu!" akasema mwindaji. "Nikiwapelekea vipande watasema tumeokota mabaki ya simba. Nataka wamwone mzima, na pembe zake, na mshale wangu ubavuni."

Wakamfunga miguu kwenye mti, wakambeba. Mnajua nyama isiyotolewa matumbo inavyokuwa juani? Siku ya pili mchana, shemeji akatua mzigo. "Tumbo limevimba, shemeji. Nakuomba, wafikirie wale wapwa wangu."

"Amenona huyo. Beba twende."

Wakaingia kijijini. Vigelegele! Waliomcheka wakampa mkono, wengine wakapima pembe kwa shibiri. Mkewe alishainjika sufuria, maji yanachemka. Mwindaji akapiga magoti mbele ya watu wote, akapitisha kisu tumboni.

Loo! Watu walirudi nyuma wameziba pua. Nyama ilikuwa ya kijani mpaka mapajani. Mkewe hakupiga kelele. Alimpakata yule mdogo, akauliza, "Baba watoto, huyu mnyama ulikuwa unatuletea sisi, au unawaletea wao?"

Alhamisi wakamzika mtoto.

Mbona mmenyamaza? Ndugu zangu, huyo mwindaji ni sisi. Tunakuja hapa tumepiga pasi, tumeng'aa, na tumboni kuna chuki ya miaka kumi na moja na ndugu, kuna mjane tuliyemnyang'anya shamba. Mungu akichomoa kisu tunasema, ngoja kwanza, watu watanionaje? Na mimi mchungaji wenu nimo, tena mstari wa mbele. Nilikataa kumwomba radhi mdogo wangu, eti nitajishusha, na sasa hayupo wa kuombwa. Nikijitazama nakata tamaa. Sijui humu ndani ni wangapi bado tuna nyama ya kuokoa.

Lakini wewe ambaye uliyemkosea bado anapumua, usisubiri niseme amina. Inuka sasa hivi, toka, nenda kwake. Tutaimba bila wewe.

Nasubiri.

Hakuna? Hata mmoja?

Haya. Tusimame tuombe.