Kikapu cha Bi Sikujua

Masikio!
— Tumeyatega!
Na ndimi?
— Tumezifunga!
Basi zifungueni kidogo, mtataka kucheka.

Palikuwa na Kobe, mzee aliyefiwa na mkewe. Mke aliitwa Bi Sikujua, na alimwachia kikapu kimoja cha ukindu alichokisuka kwa mikono yake, ukingo mwekundu. Kobe alikipenda kikapu kile, jamani! Kila asubuhi alikiamkia kabla ya kunywa chai.

Sasa wanyama wa bondeni wakakata shauri waunde timu ya mpira wa kikapu, waingie ligi ndogo. Mpira wakaupata. Nguzo wakaisimamisha. Kiboko, kwa unene wake tu, akajipa uenyekiti. Kilichokosekana ni kikapu, na Kobe akatoa chake.

"Acha watu waone kazi ya mke wangu," akasema.

Loo! Kikapu hakikufika hata karibu na nguzo. Kiboko alipita nacho nyumba kwa nyumba. "Leteni chakula cha kambi! Wachezaji lazima wale!" Huyu akatia mihogo, yule akatia maboga. Kikijaa, Kiboko anakwenda nacho mtoni: gwafu! gwafu! gwafu!

Kobe akamwendea. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunacheza lini?"

"Bado kidogo." Gwafu! gwafu!

Kobe akaenda tena, kwa mwendo wake ule ule. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunacheza lini?"

"Bado kidogo." Gwafu! gwafu!

Akaenda tena. "Basi, Mheshimiwa, nirudishie kikapu changu."

Kiboko akafura. "Hiki cha timu! Tena kesho nakitoboa kitako mpira upate kupita, nikitundike, na kelele zenu ziishe!"

Masikini, Kobe hakuwa amelifikiria hilo. Kitakoni ndiko Bi Sikujua alikoanzia kushona. Akarudi nyumbani, akaingiza kichwa ndani ya gamba, akalia.

Pimbi, jirani yake, mdogo asiye hata na mkia, akabisha kwenye gamba: ko, ko, ko. "Babu, mbona nyumba yako inalia?"

Kobe akamweleza. Pimbi akajikuna, akafikiri. "Ule mpira uko chini ya nguzo, hakuna anayeugusa. Uchukue, ujifiche nyuma ya jabali la mtoni. Ukinisikia napiga chafya, udunde."

"Sijawahi kudunda mpira mimi, mwanangu."

"Na nani hapa bondeni amewahi?"

Asubuhi Kobe yuko nyuma ya jabali, mpira mkononi. Akachungulia. Kiboko ameshaachama, meno yapo kwenye kitako cha kikapu. Pimbi huyo, anahema.

"Mwenyekiti, hongera! Wapinzani wamefika!"

"Wapinzani gani?"

"Timu ya Simba. Wako nyuma ya jabali wanapasha misuli. Chya!"

Du! Du! Du!

Kinywa cha Kiboko kikabaki wazi. "Wa... wanataka nini?"

"Mchezo tu. Ila kwao ni desturi, wakishinda wanamla mwenyekiti wa wenzao. Wameniuliza, je, amenona? Nikawajibu, chakula chote cha kambi kimo tumboni mwake. Chya!"

Du! Du! Du! Du!

"Waambie sina timu! Mimi si mwenyekiti! Hapa hapajawahi kuwa na timu!" Chubwi! Kiboko akazama, kikapu kikabaki ukingoni mwa mto, kitako kizima.

Pimbi alikwishamaliza chafya zake, lakini mpira ukaendelea: du! du! du! Akazunguka jabali, akamkuta Kobe amejaa vumbi, macho yanang'aa.

"Babu, amekwenda! Acha sasa!"

"Bado kidogo," Kobe akasema.

Timu ile haikucheza hata siku moja. Lakini jioni hiyo Kobe alikifuta kikapu matope, akakirudisha mahali pake karibu na kitanda.

"Sikujua, mke wangu," akanong'ona, "leo nimecheza."

Fundisho lenyewe, wanangu: msiwadanganye wakubwa, ni vibaya mno. Na kabla hamjawadanganya, hakikisheni mpira una upepo.

Hadithi nimeitia kikapuni.
— Haitavuja!