Kwa Nini Mifarishi ya Iromba Huanikwa Kifudifudi

Sogeeni karibu, wanangu, na mwenye sindano mkononi aendelee kushona, maana kazi ya mikono haizibi masikio. Haya niliyapokea mazima, nami nawapa mazima.

Zamani hizo, huku mlimani Iromba, baridi ilikuwa hii hii mnayoijua, ila watu walikuwa wengine. Ukungu ulishuka kutoka kileleni, ukaingia majumbani bila hodi, ukalala vitandani pamoja na wenye nyumba. Blanketi za dukani hazikuwapo. Kilichowakinga watu ni mfarishi: juu viraka vya rangi rangi, katikati matambara yaliyopangwa tabaka tabaka, chini bitana. Kila mwanamke alishona wake, na kila mwanamke alishona peke yake, mlango umetiwa komeo.

Maana kila nyumba ilikuwa na mshono wake, na mshono ule ulikuwa siri ya nyumba. Mama alimfundisha binti yake, lakini kabla ya kumfundisha alimwapisha. Mfarishi ulipokwisha, mgongo wake ulifunikwa bitana nyeusi ya kaniki ili mafundo na njia za uzi zisisomwe na jicho la mtu. Siku za jua wanawake waliteremka kwenye miamba mipana iliyo kando ya kijito, wakaianika mifarishi yao, uso juu, mgongo chini. Walisifiana rangi, wakaulizana habari za watoto na mashamba. Hakuna aliyethubutu kuinua pindo la mwenzake. Kumwinulia mtu pindo la mfarishi kulikuwa sawa na kumfunua nguo mwilini.

Siku hizo aliishi hapa mwanamke aitwaye Nakiete. Hakuzaliwa mlimani. Alitoka bonde la chini, kule kwenye joto na misufi mirefu, akaolewa huku. Mama mkwe wake alifariki kabla hajamwonyesha mshono wa nyumba, na mama yake mzazi hakuwa na wa kumwonyesha, maana bondeni nani ana haja ya mfarishi? Basi Nakiete alijishonea ovyo ovyo, kwa kukisia, na mifarishi yake ilikuwa ya mwisho kuanikwa na ya kwanza kuanuliwa. Hakulalamika. Watu walimwita "mtu wa bonde", naye aliitika.

Mwaka mmoja, ukungu ulipokuwa mzito kuliko kawaida, binti yake Namvua alirudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza. Uchungu ukamshika kabla ya wakati wake. Akazaliwa mtoto wa kike, mdogo wa kutosha kulala katika kiganja na nusu ya mkono, ngozi laini kama ganda la ndani la kitunguu. Mkunga alimtazama kitambo, kisha akawaambia, "Maziwa yapo, na anajua kunyonya. Adui yake ni baridi. Mkimshinda huyo, mtoto mtamlea."

Basi wakampokezana kifuani, mama na bibi, ngozi kwa ngozi. Mmoja akichoka, mwingine anampokea. Lakini juu ya kifua kile lilihitajika funiko. Nakiete akaleta mfarishi wake wa matambara. Mara mtoto akaanza kuhema kwa shida, midomo ikabadilika rangi. Namvua akaurusha mfarishi pembeni akilia, "Mama, unamwelemea! Hawezi kuuinua kwa pumzi zake!"

Ndipo Nakiete akakumbuka gunia la sufi aliloletewa na kaka yake kutoka bondeni. Sufi ni nyepesi kama moshi, tena inashika joto. Akachukua khanga mbili laini, akaijaza katikati, akashona mistari mirefu kutoka ukingo hadi ukingo. Ulipendeza, na mtoto alipofunikwa alitulia. Lakini haukupita muda, sufi ikateleza ndani ya ile mistari kama maji yanavyofuata mifereji ya shamba, ikajikusanya yote pembeni. Kwingine kukabaki nguo tupu. Alipompapasa mtoto, miguu ilikuwa ya baridi.

Akafumua. Akajaribu kuifunga sufi kwa mafundo. Khanga ikapasuka penye mafundo. Akaweka viraka juu ya mipasuko, na kila kiraka kikaongeza uzito. Akafumua tena. Uzi ulikuwa ukimwishia, na vidole vilikuwa vimetobokatoboka. Akawaza moyoni: hapa Iromba wapo wanawake ambao vitu vyao haviporomoki. Mfarishi wa Mama Namkunda umefuliwa miaka na miaka, haujawahi kuvimba upande mmoja. Jibu ninalolitafuta liko kwa jirani, na kilichonitenga nalo ni bitana tu.

Kulipokucha kukawa na jua, jua la kubahatisha, na wanawake wakateremka miambani. Nakiete naye akateremka, na mfarishi wake mdogo mbovu kwapani. Akachagua mwamba wa katikati. Akautandaza kifudifudi, uso chini, mgongo juu, bila bitana, mafundo na mipasuko na nyuzi zinazoning'inia vyote nje juani.

Nangasu, msichana aliyeolewa mwaka ule ule, akamsogelea akanong'ona, "Dada Nakiete, umekosea. Geuza upesi, wengine hawajaona."

"Sikukosea, mdogo wangu," Nakiete akasema. Kisha akapaza sauti. "Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, habari za asubuhi. Huu ndio mgongo wa kazi yangu, utazameni. Mwanangu amejifungua mtoto ambaye hakutimiza miezi. Mfarishi mzito unambana pumzi, na huu mwepesi sufi inanikimbia. Nimeshona mistari, imekimbia. Nimepiga mafundo, nguo imepasuka. Siombi mfarishi wa mtu. Naomba kuonyeshwa nilipokosea."

Wapo waliogeuza nyuso. Mmoja alicheka kicheko kifupi, kisha akaona haya. Katikati yao akainuka Mama Namkunda, mzee kuliko wote waliokuwapo, fundi ambaye jina lake lilijulikana hadi vijiji vya ng'ambo ya mlima. Alikuja na mkongojo wake, akainama, akautazama ule mgongo kwa muda mrefu. Akaupapasa kwa kidole.

"Uzi wako unaanzia wapi?" akauliza.

"Pembeni, mama."

"Hm."

Aliukunja mfarishi wake mwenyewe, akauweka begani, akapanda njia ya kwenda kwake bila kuaga.

Wanawake wakamtupia Nakiete macho ya lawama. "Umemuudhi mama wa watu," mmoja akasema. Nakiete akaketi juu ya mwamba, kando ya aibu yake. Alitamani kuukunja mfarishi na kuondoka, lakini aende nao wapi? Nyumbani hakukuwa na jibu. Akabaki pale pale. Nangasu, ambaye hakujua afanye nini, akaketi karibu naye.

Jua lilipofika utosini, mkongojo ukasikika tena njiani. Mama Namkunda alikuwa anarudi, mfarishi begani na kisu kidogo mkononi, pindo za nguo zake zimenasa mbegu za majani marefu.

"Nilikwenda kaburini kwa mama yangu," alisema, akihema. "Aliniapisha nisimwonyeshe mtu huu mshono isipokuwa binti yangu wa kumzaa. Binti sikujaliwa. Nimekwenda kumwomba ruhusa."

"Akasemaje, mama?" Nangasu akauliza, kabla hajajizuia.

"Wafu wana majibu, mwanangu? Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nikawaza: na yeye mama, huu mshono aliuota? Naye alionyeshwa. Na aliyemwonyesha alionyeshwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa na sindano mkononi." Akamgeukia Nakiete. "Shika pindo hili, uvute."

Nakiete akashika. Mama Namkunda akapitisha kisu, kaniki ikaachia njia kutoka pembe hadi pembe, na mgongo wa ule mfarishi uliosifiwa miaka yote ukaonekana. Wanawake wakasogea wenyewe, hakuna aliyewaita. Haukuwa na mistari. Ulikuwa na vijumba, kimoja kando ya kingine, kama sega la nyuki, na vyote vilianzia katikati vikitambaa kuelekea ukingoni. Kila kijumba kilifungwa peke yake, kwa hiyo kilichokuwa ndani hakikuwa na pa kukimbilia.

"Ukianzia pembeni, unasukuma kilichomo mbele yako mpaka mwisho," mzee akaeleza. "Anzia kitovuni. Lakini nikwambie kweli, mimi sufi sijawahi kuishika. Kwangu ni matambara tu. Hapa mimi na wewe sote ni wanafunzi."

Wakajaribu. Vijumba vya kwanza walivifanya vidogo mno, sufi ikashindiliwa ikawa ngumu kama kiporo cha ugali. Wakafumua, Mama Namkunda akicheka mwenyewe kwa kushindwa kwake, kicheko ambacho watu hawakuwahi kukisikia. Wakavipanua. Safari hii sufi ikakaa, ikapumua. Zikabaki zile sehemu zilizopasuka, ambazo viraka vilizifanya nzito.

Mwishowe Nangasu akasema, "Kwetu kuna namna ya kuunganisha viraka bila mshono kuvimba. Unalaza ukingo mmoja juu ya mwingine na sindano inapita kwa kulala. Mama ataniua akisikia."

"Mama yako ni yule pale nyuma yako," Mama Namkunda akamwambia.

Nangasu akageuka kwa hofu. Mama yake alisimama, mikono kiunoni, amemkazia macho. Kisha akasema, "Kama unaonyesha, basi onyesha vizuri. Umeshika sindano kama mwiko."

Vicheko vikalipuka, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Mmoja alileta uzi laini wa pamba aliousokota mwenyewe, akafundisha namna ya kuupaka nta usikatike. Mwingine, yule yule aliyecheka asubuhi, alikata khanga yake nzuri kuukuu akatoa kipande cha pindo. Mikono ilijazana juu ya kijifarishi kile hata jua halikukifikia. Kabla ukungu haujashuka, kazi ilikuwa imekwisha.

Wakapanda wote hadi kwa Nakiete, wakasongamana mlangoni. Namvua alikuwa ameegemea ukuta, mtoto kifuani. Nakiete akamfunika. Kila mtu akabana pumzi zake ili azione za mtoto. Mfarishi ukainuka kidogo, ukashuka. Ukainuka, ukashuka. Kifua kile kidogo kiliuinua bila taabu. Nakiete akaingiza mkono chini, akagusa miguu. Akangoja. Akagusa tena. Ilikuwa ya moto.

Akawashika mikono, mmoja baada ya mwingine, kila mkono ukiwa na alama za sindano kama wake, akailaza shavuni kwake. Hiyo ndiyo asante aliyoiweza.

Mtoto alimshinda yule adui. Siku ya kupewa jina, hapakuwa na mjadala: aliitwa Namkunda. Mzee alipopewa habari alijifanya amekasirika, akasema wamemzeesha kwa kumpa somo, mtu wa jina lake, kisha akaomba kumpakata, na kumrudisha ikawa kazi.

Nakiete naye alituma bondeni, akaletewa sufi nyingine, akaigawa nyumba kwa nyumba. Kisha akashona mfarishi mkubwa mwepesi, wa vijumba kuanzia kitovuni, akampelekea Mama Namkunda, maana alijua matambara yamekuwa yakikielemea kifua cha mzee kila siku na hakuwahi kusema. Mama Namkunda aliugeuza, akautazama mgongo fundo kwa fundo.

"Mshono mzuri," akasema, akikaza uso. "Nani kakuonyesha?"

"Ni wewe, mama."

"Basi hapa kwenye kona umenipita. Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Wakaketi wote wawili, na mwanafunzi akamfundisha mwalimu wake.

Na kuanzia hapo hadi leo, mgeni akipita kwenye miamba yetu siku ya jua hushangaa kuona mifarishi yote imelala kifudifudi, rangi zake nzuri chini na mafundo juu, akadhani wanawake wa Iromba hawajui uso wa nguo. Tunaujua. Tunaanika mgongo ili mwenye kutaka kusoma asome. Aliyejaribu jambo jipya huja nalo hata kama halijakamilika, na aliyeharibu ndiye hupewa mwamba wa katikati, kwa sababu tunasema kuharibika kwake kumetuletea kazi. Bitana hushonwa mwishoni kabisa, wenzako wakishaona.

Na mwanamke wa hapa ukimsifia mfarishi wake, hata uwe mzuri namna gani, hatakwambia, "Nimeshona mimi." Atalitaja kwanza jina la mtu. Kisha atasema, "Nilionyeshwa."