Nani Amtaje Mtoto wa Vuai?

Nina fumbo. Mkisema "litoe", nalitoa. Mkinyamaza, nalirudisha nilikolitoa na mimi narudi kwenye mboga zangu. Mmesema? Haya. Ila nawaonya mapema: fumbo hili linatisha, na halina jini wala zimwi. Limetokea mtaani kwetu hapahapa. Na wale wanaopenda kujibu kabla hadithi haijaisha wakae nyuma, mnanijua sina subira nao.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Raya, mke wa Vuai. Kipaji chake kilikuwa sikio. Mtu akipanda ngazi, Raya alijua ni nani na amebeba nini moyoni. Ukimwambia "mie mzima", alijua kama u mzima kweli au unamridhisha tu.

Wa pili ni Bi Chumu, mama yake Vuai. Kipaji chake kilikuwa neno. Akisema ndiyo, imekuwa. Akisema hapana, hata ulie damu. Sokoni wauza samaki walimjua, na akishataja bei yake hakuna aliyepoteza wakati kubishana naye.

Wa tatu ni Faki. Huyu alikuwa teja wa unga, madawa ya kulevya, kwa miaka mingi, aliiba mpaka mabati ya jiko la mama yake. Mkewe akaondoka na watoto. Kisha akaacha unga, na alipoacha akabaki na kitu ambacho sisi wengine hatuna: aliweza kusema jambo lake la aibu mbele za watu bila kulivika nguo. Mnacheka? Jaribuni nyinyi, hapa hapa, mbele ya wakwe zenu.

Na katikati yao yupo Vuai mwenyewe, fundi wa kupaka rangi, mcheshi, ambaye akipaka ukuta wako unasahau kumhimiza kwa jinsi anavyokuchekesha. Unga ulimchukua polepole. Alianza kuvuta na wenzake, baadaye akajidunga. Akauza brashi zake, akauza ngazi yake, akawa anasinzia amesimama. Siku moja mchana Raya, akiwa na mimba changa, alimkuta ameanguka chooni, midomo imegeuka rangi, sindano ingali mkononi. Alizinduka, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo nyumba nzima ilikaa na hofu. Raya aliogopa kutoka, na akitoka aliogopa kurudi. Vuai akichelewa kidogo tu chooni, mkewe alisimama nje ya mlango mpaka asikie maji yakimwagika.

Vuai naye aliogopa. "Nipelekeni popote mnapotaka," alisema, "ila msiniache peke yangu na hiki kitu."

Basi Raya na Bi Chumu wakatoka kumtafutia pa kwenda.

Mahali pa kwanza alikuwepo mtu anayetibu kwa minyororo. Raya aliona vidonda kwenye vifundo vya miguu vya wagonjwa, akageuka bila kuaga. Mahali pa pili palikuwa nyumba safi, ukuta mrefu, geti la chuma, mlinzi, mashuka meupe. Bi Chumu alipapenda papo hapo. "Hapa hatoki," alisema. Raya akakaa kwenye benchi, akafumba macho, akasikiliza. Ndani kulikuwa na mtu analia. Akalia, akalia, mwisho akanyamaza mwenyewe, na hakuna aliyekwenda kumwuliza ana nini.

Mahali pa tatu palikuwa soba hausi, nyumba ya kupanga, rangi imebabuka, inayoendeshwa na mateja wenyewe walioacha. Mpishi aliwahi kuwa teja. Mwenye kushika stoo aliwahi kuwa teja. Kiongozi wao ndiyo usiseme. Mlinzi hakuna, na mlango wa mbele hauna kufuli.

Bi Chumu alishika kichwa. "Raya, umerogwa? Fisi umkabidhi bucha?"

Raya alikuwa anasikiliza. Na huku pia palikuwa na mtu analia, lakini sauti nyingine ilimwambia, "Lia, ndugu yangu. Na mie nililia kitanda hichohicho." Kisha akasikia kijana anamwomba kiongozi ruhusa ya kwenda dukani, eti kichwa kinamgonga, anataka dawa. Nyumba nzima ikaangua kicheko: "Kichwa hicho tunakijua!"

"Mama," Raya akasema, "kule atamdanganya mlinzi keshokutwa tu. Hapa atamdanganya nani?"

Alisema hivyo, na woga anao. Shemeji zake walimwambia wazi kwamba Vuai akifa, damu yake iko shingoni mwake. Akachagua hivyohivyo. Bi Chumu alipoona hawezi kumgeuza, akatoa neno lake mbele ya kiongozi wa nyumba: Vuai akitoroka kuja kwake, hamfungulii.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba ile, maana fumbo limekaa hapo. Mgeni akiingia, anavua ndala zake anamkabidhi mwenzake mmoja, naye anaziweka chini ya kitanda chake. Kutoka hukatazwi. Lakini uende kwa aliyeshika viatu vyako, umwambie unakwenda wapi na kufanya nini. Hana haki ya kukunyima, wala ya kukushika. Ila viatu vikitoka, na yeye anatoka, anavifuata popote viendako. Ndala za Vuai alikabidhiwa Faki, naye alikuwa mkaazi wa nyumba hiyo.

Haikupita muda, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikamkamata. Mifupa inamwuma, tumbo linamkata, jasho baridi, matapishi. Faki alimkanda miguu, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Asubuhi moja Vuai akasukuma bakuli.

"Nipe ndala zangu."

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kutafuta unga."

"Angalau hujanidanganya," Faki akasema, akazitoa. Akavaa na zake. "Lakini mie naogopa, Vuai. Huko sijakanyaga tangu niache."

"Basi baki."

"Nabaki vipi na mie ndiye niliyeshika viatu vyako?"

Wakaenda kwanza kwa Bi Chumu. Vuai alitaka chochote cha kubadilisha, redio, sufuria, chochote. Raya alikuwa kliniki na nyumba yake ameifunga. Bi Chumu alimwona dirishani, mwanawe amekunjika, akashuka kwenye kiti akakaa sakafuni nyuma ya mlango.

"Mama, nifungulie. Nakufa."

"Hapana."

"Mama, maji tu!"

Faki alikuwa hapo nje na chupa ya maji mkononi, na Bi Chumu alikwisha kumwona dirishani. Vuai akaanza kugonga mlango kwa kipaji cha uso. Akasema atajinyonga, akamtajia na mti. Bi Chumu mkono ulikuwa juu ya komeo. Aliniambia baadaye kwamba hata siku ya kumzaa hakuogopa hivyo, kwa sababu siku ile alijua mtoto anakuja, na siku hii hakujua kama anakwenda. Hakulifungua komeo. Alisikia ndala zinaondoka na hakujua zinaelekea wapi.

Vuai angepata cha kubadilisha, angenunua kona ya karibu na kujidunga kabla Faki hajafumbua mdomo. Lakini alikuwa mikono mitupu. Ikabidi aende mbali, kwenye gofu la nyumba alilokuwa akikaa Faki zamani, kwenda kuomba.

Muuzaji alimwona Faki kwanza. Akacheka kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililonitisha mimi niliposimuliwa. "Faki! Tulidhani tushakuzika. Karibu nyumbani. Leo hamtoi kitu. Kete hii yako, na hii ya rafiki yako."

Vuai akapokea yake. Faki alisimama. Kisha mkono wake ukaanza kunyanyuka, na Vuai akauona.

"Vuai," Faki akasema, "nitachukua. Nauona mkono wangu unakwenda na siwezi kuurudisha. Watoto wangu nimeahidiwa kuwaona Idi hii. Nitoe hapa. Nakuomba, mie mwenyewe siwezi."

Hapo Vuai aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, kwa kuwa haikuwa hofu ya nafsi yake. Alitazama kete kiganjani. Akaiweka juu ya tofali, akamkamata Faki kifundo cha mkono, akamburuta. Njiani Vuai anatapika, Faki analia, watu wanawapisha na kuficha simu zao. Hawakuachana mpaka wakaingia nyumba isiyo na kufuli, wenzao wakawapokea wote wawili.

Miezi ikapita. Vuai akarudi nyumbani na brashi mpya, na Raya akajifungua. Siku ya akika, mtoto alipokuwa tayari kunyolewa, Vuai akasimama mbele ya watu.

"Haki ya kumtaja jina mtoto ni yangu mimi baba. Lakini mimi nisingekuwepo hapa. Naitoa haki hii kwa aliyenirudisha. Jina atakalomnong'oneza sikioni, ndilo jina lake."

Mngeona watu walivyogeuzana shingo! Bi Chumu akasema, "Raya kafanya kwa sikio, Faki kafanya kwa miguu. Lakini mimi ndiye niliyemfungia mlango mwana niliyemzaa, na mpaka leo nikilala nakisikia kichwa chake kikigonga."

Raya akasema taratibu, "Mama, hata ungefunga mlango ule, kama angekuwa ametoroka nyumba ya geti, nani angemfuata? Nilichagua peke yangu. Angekufa, ningebeba peke yangu."

Faki alikuwa mlangoni, hakutaka hata kuingia. "Mie msinihesabu. Mie ndiye niliyeokolewa."

Ami yake Vuai akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote: "Teja amtaje mjukuu wetu? Na kesho akirudi kwenye unga, jina tulifanyeje?"

Faki alimsikia. Hakukasirika. "Na mie naliogopa hilohilo, mzee," akasema, akarudi nyuma hatua moja.

Sheikh akauliza, "Vuai, nani anamtaja?"

Vuai amempakata mwanawe. Tamaa bado inamjia, aliniambia mwenyewe, inamjia hata akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, na kila itakapomjia atakuwa analiita jina hili. Akimpa mkewe, mama yake atajua kwamba ule mlango alioufunga haukuhesabiwa. Akimpa mama yake, Raya aliyebebeshwa damu shingoni atarudi jikoni kimya. Akimpa Faki, huenda akamtia nguvu ya kuishi, au akambebesha mzigo utakaomwangusha. Akimnyima, Faki atatoka hapa aende wapi?

Akamnyanyua mtoto kifuani, akawatazama wote watatu.

Na mimi naishia hapo. Wewe uliyekuwa na haraka ya kujibu, sogea mbele sasa. Mpakate mtoto. Sheikh anangoja, mama anakutazama, mke anakutazama, na aliyeko mlangoni ameshaanza kurudi nyuma. Sikio la mtoto unalisogeza kwa nani?