Waliotoka kwa Kunyata

Wapendwa, leo sitapaza sauti. Wiki hii tumezika, tumezunguka kwa wagonjwa, na koo limechoka pamoja na mwenye koo. Nitawaambia habari ya mama mmoja, kisha mwende nyumbani.

Mama huyu alikuwa akimuuguza mama mkwe wake aliyepooza. Kumlisha ni yeye, kumwogesha ni yeye, na kila mara amgeuze ubavu, la sivyo mgongo unafanya vidonda. Mnaijua kazi hiyo? Wanaoijua wameinamisha vichwa.

Mchana mmoja watu wa kanisa wakaja kumfariji. Na mgeni haachwi na mdomo mkavu, mnatujua. Akainuka, akawasha jiko, akapika chai na mandazi. Alipoketi hatimaye, mzee wa kanisa akafungua Biblia pale Bwana Yesu anapowaita wote waliolemewa na mizigo waende kwake awapumzishe. Akalieleza lile neno vizuri, tena kwa kirefu. Alipoinua macho, mama wa watu amelala palepale kitini.

Mzee akakunja uso. "Mama, tuko katika neno."

Mgonjwa akamjibu kutoka kitandani, kwa sauti ya kuokoteza maneno. "Baba, mwache. Si umesema atapumzishwa? Ndiyo anapumzika."

Mzee akafunga Biblia. Mgonjwa akaendelea.

"Basi mmoja wenu anigeuze. Ubavu huu unaniwaka moto."

Hapo kila mmoja akakumbuka kwake. Huyu ana watoto wanatoka shule, yule anaogopa kumuumiza mgonjwa. Mzee akasema, "Tusije tukamwamsha binti yetu, mama. Tutakukumbuka katika maombi." Wakaomba kwa kunong'ona, wakabeba viatu mkononi, wakatoka kwa kunyata. Njiani wakasifiana kwa huruma yao.

Na yule bibi je? Alilala juu ya ubavu unaomuuma, ameuma shuka asije akalia, ili mke wa mwanawe asiamke. Chumba kizima kile, aliyemchukulia mwenzake mzigo ni yule asiyeweza hata kujigeuza.

Ndugu zangu, mimi jambo hili linanichosha kuliko mazishi. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumsomea kitu. Alimwekea mkate na maji, akamwacha alale tena. Sisi tunamsomea mtu ahadi ya Bwana, halafu tunakaa kungoja Bwana aitimize, kana kwamba hakututuma. Siku ile Bwana alikuwa na mikono mingi chumbani mle. Yote ilishika viatu.

Ibada ikiisha, msije mlangoni kunipa mkono na kuniambia neno lilikuwa zuri. Kuna nyumba mnazijua, nami nazijua. Nendeni mkamgeuze mtu.